Makopo ya Udongo ya Bwana Shamba

Bwana Shamba wetu alikuwa haamini kitu mpaka akionje. Mbegu alionja, maji ya mfereji alionja, mbolea ya dukani aliigusa kwa ncha ya ulimi na kutema haraka, na udongo ndiyo usiseme. Alikuwa akifika shambani kwako anainama, anachukua kidonge cha udongo kama harage, anakitia mdomoni na kukizungusha huku kafumba macho. Kisha anatema pembeni, anajifuta kwa leso yake ya bluu, na hapo ndipo anakusalimia. Mara ya kwanza kumwona nilikuwa bibi harusi mgeni, nimeolewa huku bonde la Msangano nikitokea juu Mbozi kwenye baridi na kahawa. Nikamuuliza mume wangu, "Yule mzee ana njaa?" Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Jina lake nalijua ila silitaji, na hata nikilitaja nusu ya kijiji hawatajua namsema nani. Serikali ilimleta kijana, akazeekea kwetu, akastaafu, na bado akaendelea kuzunguka mashambani kama vile mshahara unaendelea. Tuliletewa afisa ugani mwingine, binti mzuri tu mwenye pikipiki. Huyo tukamwita afisa ugani. Bwana Shamba alibaki mmoja.

Neno lake lilikuwa moja: "Nani kakwambia?" Ukimwambia mvua mwaka huu zitachelewa, anakuuliza nani kakwambia. Ukimwambia ni redio, anauliza, "Na redio kaambiwa na nani?" Watu walikuwa wanachoka naye. Siku moja mke wake, Mungu amrehemu, alimwambia mbele yangu kwamba chakula kiko tayari, naye bila kuinua macho kwenye daftari lake akasema, "Nani kakwambia?" Mama wa watu akashika kiuno. "Si mimi niliyepika! Au nikamwulize nani, sufuria?" Mzee akanyanyuka na kwenda kula.

Tulimcheka, lakini tulimcheka kwa tahadhari, maana mara nyingi alikuwa anapatia. Mwaka mmoja tulikwenda naye Tunduma, wanawake wa kikundi chetu, kununua mbegu za mahindi. Duka lilijaa watu wa pande zote mbili za mpaka, huyu anapiga bei kwa Kibemba, yule kwa Kiswahili, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Sisi tukabeba mifuko yetu. Yeye akaupindua wake, akaanza kuchunguza mshono wa chini.

"Uzi huu si wa kiwandani," akasema.

Mwenye duka akaja juu. "Mzee, unaniita mwizi dukani kwangu?"

"Wewe sijakuita chochote. Nimesema uzi."

Akaomba punje ishirini tu, na mwenye duka akampa ili atoke. Alipofika nyumbani alizifunga kwenye kitambaa kibichi na kuziweka juu ya mtungi wa maji. Siku ya saba zilikuwa zimeota tano. Sisi wenye haraka tulikuwa tumeshapanda, na msimu ule wote tulikuwa watu wa kufukia mbegu upya huku yeye akipita njiani na mikono yake nyuma, hasemi kitu. Afadhali angesema.

Neno lake la pili lilikuwa la karatasi. Karatasi yoyote ukimletea asaini, iwe mahudhurio ya mkutano au barua ya mchango wa kanisa, aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja na kuitia mfukoni. "Karatasi ilale kwanza," anasema. Utaipata kesho, au keshokutwa, imesainiwa au imerudishwa na maswali pembeni. Hata barua yake mwenyewe ya kustaafu aliilaza. Afisa aliyeileta kutoka wilayani alilazimika kutafutiwa godoro.

Wengine walisema ni kiburi. Mama mkwe wangu ndiye aliyeniambia chanzo chake, tukiwa tunapepeta mpunga. Zamani, kabla mimi sijaja, ilikuja kampuni ikitaka bonde letu ilime miwa. Wakachinja ng'ombe, wazee wakala, na mchana uleule wakaweka dole gumba kwenye karatasi. Shahidi aliyesaini chini ya madole yale alikuwa kijana mmoja wa kilimo, mgeni kutoka milima ya Ileje, bosi wake kamsimamia kichwani. Ndiye huyo huyo Bwana Shamba. "Yeye ndiye aliyetuuza," mama mkwe alisema, kisha akaendelea kupepeta kana kwamba kasema habari za kuku.

Miwa ililimwa misimu michache. Kiwanda walichoahidi kiliishia kwenye msingi, malori yakaacha kuja, wazungumzaji wakubwa wakaacha kupokea simu, na shamba likawa pori la miwa lenye nguruwe mwitu. Hapo ndipo watu waliporudi na majembe, kimya kimya, bila kumwomba mtu. Mimi na mume wangu tuling'oa visiki vya miwa ekari mbili. Kisiki cha muwa kina roho mbaya, unakikata leo, kesho kimechipua. Mikono yangu ilipasuka mpaka nikawa nashindwa kukanda unga. Lakini mpunga uliopandwa pale ulikuwa mpunga. Mume wangu alipofariki, ekari zile mbili ndizo zilizolea watoto wangu watatu, na karatasi ya umiliki sikuwa nayo, wala mwenzangu yeyote hakuwa nayo. Kila mgeni mwenye viatu vizuri akishuka kwenye gari kijijini, sisi wa shamba la miwa tuliacha majembe tukaenda kusikiliza kaja kwa lipi.

Sasa nieleze habari ya makopo, maana bila hayo hamtanielewa.

Huku kwetu udongo wa mtu si kitu cha kuchezea. Mtu akikuchotea udongo uliokanyaga, watu wanajua anakwenda nao wapi, na si kwa mganga wa kukutakia heri. Bwana Shamba alipoanza kuchukua udongo wa mashamba ya watu kuupeleka kupimwa, nusura apigwe. Akabuni utaratibu wake. Hakugusa jembe. Alikupa ndoo safi na kukuonyesha wapi, hapa na pale na kule, mwendo wa nyoka shamba zima, na wewe mwenye shamba ukachimba kwa mkono wako na kuchanganya kwa mkono wako. Ukimaliza unaumwaga kwenye gunia, unaugawa mafungu manne, mawili yanayotazamana yanakwenda kupimwa na mawili yanatupwa.

Ila yeye hakutupa. Yale mafungu ya kutupwa aliyatia kwenye makopo ya maziwa ya unga, akafunga kifuniko, akaandika jina la mwenye shamba na siku, na kuyapanga kwenye rafu sebuleni kwake. "Wakinijibu uongo huko maabara," alisema, "nitawauliza upya." Unaingia nyumbani kwake, unapewa kiti, na mbele yako ukuta mzima wa makopo, majina ya kijiji kizima, waliokufa na walio hai. Watu walikuwa wanakaa nusu kiti. Wapo waliosema usiku yanaongea. Mimi nilikuwa nalitafuta kopo langu kila nikienda, nione kama halijaguswa.

Na bado mtu huyu, asiyeiamini redio, baiskeli yake hakuifunga hata siku moja. Aliiegemeza popote na kwenda zake. Mbwa hakufuga. Alitufundisha kupanda maboga wakati bustani yake mwenyewe haijawahi kutoa boga la kupeleka kwa jirani. Na ufunguo wa ghala la kijiji, ulipotafutwa mtu wa kuushika, alinyoosha kidole kwangu mbele ya mkutano. Mwenyekiti akauliza kwa nini mimi.

"Huyu ana hasira," akasema. "Mtu wa hasira hawezi kuficha kitu."

Watu wakacheka. Mimi nikanuna, lakini ufunguo niliuchukua na kuufunga kwenye kona ya khanga.

Basi wakaja wataalamu. Walikuwa wawili, mwanamume mwenye chuma kirefu cha kutoboa ardhi na dada mmoja mpole mwenye kompyuta ya mkononi. Wakaitisha mkutano, wakasema wametumwa kutathmini mashamba ya zamani ya miwa, kwa ajili ya mradi mkubwa wa kilimo unaopendekezwa. Mradi wa nani? Bado. Wa zao gani? Bado. Na sisi tunaolima pale? "Tunaanza na udongo kwanza, mengine yatafuata." Jamani, hayo "mengine yatafuata" tulishayaona yalivyofuata mara ya kwanza.

Na ni nani alikuwa amesimama pembeni yao, kofia mkononi, mwongozaji wao? Bwana Shamba.

Mkutano ulimwangalia yeye kuliko wageni. Nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona, "Mara ya pili hiyo." Siku zilizofuata alizunguka nao kutwa nzima. Alikula samaki wa kopo kwenye kivuli cha gari lao. Alikuwa na mpini wa jembe usio na jembe, ameuchonga alama kwa kisu kila shubiri, na kwa mpini huo alipima kila kipande cha shamba na kuandika. Hajawahi kupima vile. Tulimuuliza anaandika nini, akasema anaandika anachokiona.

Wiki ileile nilikuwa Tunduma kuuza mchele. Kuna mfanyabiashara wa vitenge pale karibu na maegesho ya malori, mcheshi, tunajuana. "Mulishani, bamayo!" akaniita, ndiyo habari yako mama kwa Kibemba chake. Nikakaa kwake kupumzisha miguu. Akaniambia, huku anakunja kitenge, "Kwenu miwa inarudi, bamayo. Kampuni ishapatikana. Nyie mtaondolewa kabla ya masika." Niliposikia vile hata mchele uliobaki sikuuza. Nilirudi nao.

Kesho yake nikamkuta shambani kwangu na mpini wake.

"Shikamoo. Unaandika nini kwenye shamba langu?"

"Marahaba, Mama Tumaini. Ninachokiona."

"Nionyeshe."

Akalifunga daftari. "Karatasi ilale kwanza."

Hapo damu ilinipanda. Nikamwambia, "Ile ya kwanza mbona haikulala?"

Alitazama chini, midomo inacheza kama anaonja kitu. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi, ningepata la kusema. Akaninyooshea ndoo tu.

"Chimba mwenyewe," akasema.

Nikachimba. Nilichimba kwa hasira, hapa na pale na kule, mwendo wa nyoka, nikachanganya, nikagawa mafungu manne. Mawili ya kutupwa akayatia kwenye mfuko wake, mawili ya kupimwa yakaenda ghalani.

Udongo wa kupimwa hauanikwi juani, unaanikwa kivulini. Kivuli kikubwa kijijini ni ghala, na ufunguo wa ghala ninao mimi. Kwa hiyo udongo wote wa shamba la miwa ulikuwa mle ndani, mafungu yamepangwa juu ya magunia, kila fungu na kikaratasi chake. Siku ya tatu wataalamu na Bwana Shamba waliondoka asubuhi kwenda kuangalia banio la zamani, pale maji ya mto yalipokuwa yakiingia mferejini, mwendo wa saa nyingi. Mimi nikabaki na ufunguo wangu.

Nasema ukweli: sikushauriana na mtu. Nilikwenda nyumbani, nikachukua chumvi ya Ivuna, ile wanawake wanayoipika kwa kuchuja udongo, nikaitwanga kwenye kinu mpaka ikawa vumbi. Nikaiweka kwenye bakuli, nikajifunika khanga, nikaenda ghalani mchana kweupe. Fungu la kwanza, kiganja kimoja, nikachanganya. La pili, kiganja kimoja. Nilikuwa natia chumvi kama natia kwenye mboga, mpaka la mwisho. Kisha nikafagia sakafu, nikafunga mlango, nikaenda kuchota maji huku naimba pambio. Moyoni nilisema, wacha waende na mboga yao.

Wakarudi alasiri. Dada wa kompyuta akasema udongo umekauka, tupakie. Bwana Shamba akapita kwenye mafungu. Akainama kwenye fungu lenye jina langu, akachukua kidonge, akakitia mdomoni, akafumba macho.

Mimi nilikuwa mlangoni. Miguu yangu ilikuwa inataka kukimbia na mimi naikataza.

Akatema. Akajifuta kwa leso ya bluu. Akanitazama, si sana, kama mtu anavyotazama saa. Akasema, "Ghala limefagiliwa vizuri leo."

Basi. Akashika mfuko wa kwanza na kuanza kusaidia kufunga.

Nilijiambia ulimi wake umezeeka. Ningesema nini kingine? Ripoti ilipokuja na kusomwa kijijini, kwamba udongo wa mashamba ya zamani ya miwa una chumvi nyingi, haufai kwa mradi uliopendekezwa, wageni hawarudi tena, watu walirusha kofia. Mimi nilipiga vigelegele kuliko wote. Bwana Shamba alikuwepo, kakaa nyuma kabisa. Mwaka uleule alihama. Mke wake alikuwa ameshafariki, na binti yake wa Itumba, kule kwao Ileje, alikuja kumchukua. Alibeba nguo kwenye mfuko mmoja na makopo kwenye magunia matatu. Watu walisema, "Afadhali, uchawi wake umeondoka naye." Hakuniaga, wala mimi sikwenda kumuaga.

Misimu miwili ikapita nikilala usingizi mzuri.

Kisha ikaja timu ya kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji. Hawa hawakuwa na siri, walibandika ramani ukutani na kueleza kila kitu. Hapa makazi, hapa msitu, hapa mashamba. Walipofika kwenye shamba la miwa, kijana aliyekuwa anaeleza akafungua faili. "Eneo hili lina ripoti ya maabara," akasema. "Lina chumvi, halifai kwa mazao. Kwa hiyo tunapendekeza liwe malisho ya mifugo."

Wafugaji wetu wakapiga makofi, na sikuwalaumu, ng'ombe wao walikuwa hawana pa kwenda. Nilisimama nikapaza sauti. "Chumvi ya wapi? Sisi tunavuna mpunga pale kila mwaka!"

Kijana akanijibu kwa adabu. "Mama, mpunga tumeuona. Lakini mimi nina karatasi ya maabara. Wewe una nini?"

"Pimeni tena!"

"Vipimo havirudiwi bila sababu, mama. Kama kuna mtu ana sababu ya kusema vipimo vile vina kasoro, alete kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano ukishapitisha, imepita."

Nikakaa. Wenzangu wa shamba la miwa walinitazama, wananisubiri mimi mwenye mdomo niseme jingine. Ekari zangu mbili na za wenzangu wote zilikuwa zinaondoka mbele ya macho yangu, na aliyeziondoa hakuwa kampuni wala Bwana Shamba. Ni mimi huyu, na bakuli langu.

Siku nne baadaye nilikuwa Itumba. Niliulizia nyumba kwenye ofisi za wilaya, nikapanda kilima mpaka nikaishiwa pumzi, mimi niliyezaliwa milimani lakini bonde limeshaniharibu. Nilimkuta kwenye baraza, koti zito, blanketi magotini, amekonda. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Leso ilikuwa ileile.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

Akainamisha sikio. "Marahaba. Mama Tumaini wa Msangano." Hakusema kwa kuuliza.

Binti yake akatuletea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Bwana Shamba aliionja yake kidogo kwanza, akasubiri, ndipo akanywa. Nikajikuta nataka kulia kwa sababu ya ile chai tu.

Nikamweleza habari ya ramani na malisho, na mkutano mkuu wa siku ya Jumamosi. Nilieleza kwa kuzunguka, nikasema wamekosea, vipimo vile vilikuwa na kasoro.

"Nani kakwambia?" akauliza.

Nilikuwa nimekuja na majibu mengi njiani.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Nilitia chumvi mimi. Kwa mkono wangu."

Akaendelea kunywa chai. Nikasubiri mpaka ikaisha.

"Ya Ivuna," akasema.

"Ulijua!"

"Nina ulimi."

"Sasa kwa nini ulinyamaza? Kwa nini uliwaacha wapakie?" Jamani, mimi mwenye kosa ndiye niliyekuwa napiga kelele, mpaka binti yake akachungulia mlangoni.

"Nilikupa ufunguo kwa sababu nilikuamini," akasema. "Nilipoonja ile chumvi nikasema, mama huyu kuna kitu amekijua kuhusu wale watu, kitu mimi sikijui. Mimi niliyesaini ile ya kwanza nina mdomo gani wa kumzuia? Nikanyamaza. Nimeuliza watu maisha yangu yote, nani kakwambia. Siku ile moja sikuuliza." Akajifuta mdomo. "Nakuuliza sasa. Nani alikwambia miwa inarudi?"

"Yule wa vitenge. Wa Tunduma."

"Naye kaambiwa na nani?"

Nilimwona tu yule mcheshi anakunja kitenge chake, anatafuta la kunichekesha au kunitisha ili nikae kidogo nimnunulie.

"Na wewe ulikuwa unaandika nini na ule mpini?" nikamuuliza.

Akamwita binti yake. Binti akaingia ndani, akatoka na daftari lile na kopo moja. Kwenye daftari kulikuwa na kila kipande cha shamba la miwa, urefu na upana kwa shubiri, jina la anayelima na mwaka aliong'oa visiki. La kwangu lilikuwepo, na chini yake jina la mume wangu, kwamba alianza yeye. Niliusoma ukurasa ule mara tatu.

"Wale wataalamu walisema mfereji utafufuliwa kwa wanaolima pale, kila mtu kwa jina lake," akasema. "Sikuwaamini. Labda wangewaondoa, labda wasingewaondoa, mpaka leo sijui. Nikasema, wakija kusema pale hapana mtu, majina yawepo. Daftari nikaliacha lilale. Lilipoamka, ripoti ilikuwa imeshatoka na hakuna aliyekuwa anataka majina."

"Ungeniambia!"

"Ungeniambia wewe."

Mpaka hapo nilikuwa bado namshuku, nikubali tu. Nilikuwa nawaza, pengine na hili ni la kujikosha. Akanisukumia kopo. Jina langu na siku ya kuchimba vilikuwa juu, kwa mwandiko wake. Nikafungua kifuniko, nikachukua kidonge kama harage, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikala udongo. Ulikuwa mkavu, mzito, una harufu ya bonde. Chumvi haikuwemo.

"Makopo yote ya shamba la miwa yako ndani," akasema. "Binti yangu atakusaidia kubeba. Lakini makopo peke yake ni udongo wa mzee. Watauliza kwa nini mafungu yaliyopimwa kwanza yalikuwa na chumvi. Hiyo sababu unayo wewe."

Binti akaleta karatasi na kalamu. Niliiandika pale barazani, kwenye ubao wa kukatia mboga. Niliandika kwamba mimi, mtunza ufunguo wa ghala, nilitia chumvi kwenye udongo wa watu wote bila kuwauliza. Niliwaza wenzangu watakavyonitazama Jumamosi. Niliwaza polisi pia, siwezi kudanganya. Nilipofika mwisho kalamu ikanigomea.

"Karatasi ilale kwanza, Bwana Shamba," nikamwambia. "Nitasaini kesho."

Alikaa tu ananielekezea yale macho yake yenye ukungu, mikono juu ya blanketi. Nikasaini.

Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliisogeza karibu na pua, akaiweka mbali, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu nimeficha. Nikasubiri aikunje na kuitia mfukoni mwa koti.

"Nani kakwambia uandike hivi?" akauliza.

"Hakuna. Mimi mwenyewe."

Akaomba kalamu. Binti yake akamshika mkono na kumwonyesha mahali, naye akasaini chini ya jina langu, shahidi, siku hiyohiyo.